Akigusa Kola, Nicheke

Kama wiki iliyopita ilikupita, shika haya machache twende pamoja.

Nilikuwa mfagizi wa ukumbi wa vichekesho. Siku moja mchekeshaji mwembamba ambaye watu wanamwita Gunzi alisahau maneno jukwaani. Akabaki anautazama waya wa kipaza sauti kana kwamba waya ndio umemwibia. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na ufagio wangu. Nikacheka.

Nina kicheko kibaya. Kinaanzia tumboni, kinapiga mluzi puani, na kikishatoka hakirudi. Ukumbi mzima ukanifuata. Gunzi akapona.

Akaja nyumbani kushukuru, akamwona dada yangu, akamwoa. Kwa hiyo sasa ni shemeji yangu. Mimi na Mama tunakaa kwake, chumba cha uani. Ufagio nimeuacha. Kila kipindi chake kinaporekodiwa kwa ajili ya redio, nakaa safu ya tatu, chini ya kipaza sauti kinachoning'inia darini, kama shemeji mtu aliyekuja kushangilia. Akigusa kola ya shati lake, nicheke. Chumba cha uani ndio mshahara wangu.

Meneja wa ukumbi hajui habari za kola. Alishawahi kumfukuza mchekeshaji mmoja aliyejaza binamu zake safu za mbele. "Kicheko cha kupanga sikitaki," alisema, na yule mtu hajapanda jukwaa lolote tangu hapo.

Niliishia pale Shemeji alipofungua kabati la Dada akitafuta soksi.

Soksi hakupata. Alipata nguo za mtoto.

Dada ni fundi cherehani. Mimba mbili zimemtoka, na zote mbili alishazishonea. Nguo zile alizikunja, akazifunga kwenye kanga kuukuu, akaziweka chini kabisa ya kabati. Mama anajua. Mimi najua. Hakuna anayelisema.

Shemeji alinifuata uani nikiosha vyombo. Ameshika kigauni cha njano kwa vidole viwili.

"Shemeji, nimepata kitu."

"Kirudishe."

"Hujasikia bado."

"Sitaki kusikia. Kirudishe kabla Dada hajatoka kibarazani."

"Sikiliza kwanza, wewe! Mke wangu ana mteja mmoja anayempenda kuliko wote. Mteja huyo haji kupima. Hacheleweshwi akanuna. Hajawahi kusema imembana, hajawahi kusema imempwaya." Akakitikisa kigauni. "Shida yake moja tu. Hajazaliwa."

Akagusa kola.

Maji yakawa yanatiririka tu kwenye sufuria.

"Haichekeshi?" akauliza. Na aliuliza kwa dhati, kama fundi anayekuuliza kama meza imekaa sawa.

"Inaumiza, Shemeji."

"Kila kinachochekesha kinamuumiza mtu. Siku ile niliposahau maneno, unadhani mimi sikuumia? Mbona ulicheka?"

Nikaisugua sufuria kwa nguvu. 

"Meneja anataka mambo ya nyumbani," akaendelea. "Ya kweli. Ile ya dada yako kuisalimia mashine yake ya kushonea imependwa mpaka basi. Sasa anataka nyingine, Jumamosi hii, la sivyo saa yangu ya jukwaani anampa yule mchekeshaji bibi anayeongea polepole. Unamchekea wewe bibi yule?"

"Namchekea."

"Anachekesha nini? Anasimulia alivyotafuta miwani!"

"Anaitafuta kweli."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Halafu akatabasamu.

"Usipocheka Jumamosi, shemeji yangu, chukua mama yako mkajitafutie pa kuishi. Ninyi, siyo mimi." Akanipiga bega. "Natania! Hebu jione ulivyokunja uso!"

Hapo ndipo penye shida ya kuishi na mchekeshaji. Huwezi kumshtaki popote. Akikutisha, alikuwa anatania. Ukilia, hujui utani. Na chumba ni chake.

Nikaenda kwa Mama. Mama alikuwa kitandani, mguu wake mbovu juu ya mto.

Nikamweleza yote. Akaanza kuukanda mguu.

"Mwambie dada yako," akasema.

"Mwambie wewe, Mama. Wewe ndiye mzazi."

"Nikimwambia watagombana. Wakigombana tutatoka. Mguu huu nikaulaze wapi?"

"Kwa hiyo nicheke?"

"Cheka, mwanangu. Cheka huku unaomba toba."

"Mama!"

"Mimi mambo yenu ya kuongea siyaelewi. Mtu anasimama anaongea, watu wanacheka, ameanguka? Hajaanguka. Siku ile alipoteleza na sabuni hapo mlangoni, ndiyo siku pekee mkwe wangu alinichekesha."

Na ni kweli. Mama alicheka siku nzima, mpaka uji ukamtoka puani.

Nyumba yetu iko hivyo. Mama anacheka mtu akianguka. Dada anacheka mtu akiigizwa, na aigizwe sawasawa. Ukikosea sauti kidogo tu, anarudi kwenye mshono wake. Mimi namcheka mtu anayepigana na kitu kidogo akiwa hajui kwamba anaonekana. Shemeji yeye hacheki. Anapenda tu kusikia wengine wakicheka, kama mtu asiyekula anayependa harufu ya chakula.

Nikaamua kumwambia Dada mwenyewe.

Nilimkuta kibarazani kwenye mashine yake, pini midomoni, mkasi mdogo shingoni kwenye utepe kama kawaida yake. Mkasi ule hauvui hata akilala.

"Dada, nina neno."

"Na mimi ninalo." Akatema pini kiganjani. "Unajua wateja wangu wameanza kuisalimia mashine? Leo kaja mama mmoja, hata mimi hajaniamkia. Kaipapasa mashine. 'Umelalaje, mwanangu? Mafuta umekunywa?' Kwa sauti yangu! Halafu wakacheka wote, na mimi katikati yao na tepu mkononi."

"Pole, Dada."

"Si pole. Nataka nisikie mwenyewe. Jumamosi nakuja ukumbini."



"Ya nini, Dada? Kule joto. Viti vibovu."

"Nitakaa na wewe."

"Dada, subiri kwanza nikwambie..."

"Sijamaliza." Akanishika mkono. Vidole vyake vimejaa matundu ya sindano. "Wengine wakinicheka, hao siwajui, wacheke. Ila wewe, akinitaja, usicheke. Siku zote nawaambia watu, mdogo wangu yumo mle ndani, yuko upande wangu. Usinifanye mwongo. Ahidi."

"Naahidi. Lakini Dada, lile kabati lako..."

"Hodi hapa!" Mteja kaingia, na kitambaa chake, na bi harusi wake, na mashoga wa bi harusi. Dada akairudisha pini mdomoni. Ukishamwona Dada na pini mdomoni, mazungumzo yamekwisha.

Nikaona bora nimgeukie Shemeji. Akijua mkewe atakuwepo, nikawaza, aibu itamshika ataiacha.

"Dada anakuja Jumamosi," nikamwambia. "Atakaa kando yangu kabisa."

Akaruka juu kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Safi! Kumbe Mungu ananipenda! Mke akiwepo, watu watamtafuta kwa macho. Watamwona. Nikitoa kile kigauni na mwenyewe yupo pale..." Akanikumbatia. "Umenisaidia, shemeji. Kweli umenisaidia."

Sikuwa nimemsaidia. Nilikuwa nimewafunga wote wawili kwenye kamba moja, na ncha zote mbili zilikuwa shingoni kwangu.

Usiniulize kwa nini Ijumaa nzima sikusema. Nilimfuata Dada jikoni, Mama akakohoa. Nilimfuata sokoni, akakutana na shoga yake. Mara moja tulibaki peke yetu kabisa, yeye anaimba huku anapasi gauni la kutokea, na ana furaha ambayo sijaiona kwake siku nyingi. Nikasema, "Gauni linakupendeza." Basi.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Fundi wa sauti alipanda ngazi akakishusha kile kipaza sauti cha darini kidogo zaidi, kikawa karibu kunigusa utosini.

"Leo nataka kicheko chako chote," akaninong'oneza. Fundi huyu hajui lolote. Anapenda tu sindano za mitambo yake zikiruka. "Wiki iliyopita ulicheka kama mgonjwa."

Dada kando yangu aliketi wima, mkoba mapajani. Kwenye mlango wa pembeni Meneja alisimama na mikono kifuani. Taa nyekundu ikawaka. Maana yake tunarekodiwa.

Shemeji akaingia.

Akaanza na mashine. Akakaa kwenye stuli, akajaza pini za uongo mdomoni, akaanza kukanyaga hewa. "Umelalaje, mwanangu? Mguu unauma? Nitakupa mafuta, lakini usinikatie uzi mbele ya wageni."

Sikucheka. Nilimwahidi Dada.

Nikasikia sauti kando yangu. Dada alikuwa anacheka.

Anacheka kweli! Kafunika mdomo na mkoba, mabega yanaruka.

"Ndivyo ninavyokaa!" akaninong'oneza. "Tazama anavyoinua kidole kidogo! Kumbe ananitazama. Mimi nilidhani huyu mtu hanitazamagi kabisa."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Na mimi nikaanza kupumua. Nikawaza, kumbe nilijisumbua bure. Labda ataishia hapo.

Shemeji akamwona mkewe anacheka. Angetosheka mwingine yeyote. Lakini Meneja pale mlangoni alikuwa bado kafunga mikono, uso mkavu.

Shemeji akatia mkono mfukoni, akatoa kigauni cha njano.

Kicheko cha Dada kikakatika kama uzi.

"Sasa mke wangu huyuhuyu," akasema Shemeji, "ana mteja mmoja anayempenda kuliko wote..."

 Mkono wa Dada ulikuja ukanishika pajani, ukaminya.

Shemeji akatia vidole kwenye mkono wa kigauni, akakipungia watu, kama mtoto anayeaga. Wachache wakacheka, kicheko cha kusita, cha mtu asiyejua kama ameruhusiwa. "Mteja huyo haji kupima. Hajawahi kusema imembana, hajawahi kusema imempwaya. Shida yake moja tu."

Akangoja.

"Hajazaliwa."

Ukumbi ukawa kimya. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ah!" kama aliyekanyaga mwiba.

Shemeji akagusa kola.

Sikucheka, msomaji wangu. Naapa. Chumba cha uani nilikiona kinaondoka, mguu wa Mama nikauona barabarani, na sikucheka. Nikaviminya vidole vya Dada. Nikamwambia moyoni, niko upande wako.

Shemeji akagusa kola tena, kwa nguvu zaidi. Kwa mkono uleule wenye kigauni.

Sasa sikiliza. Dada hashoni nguo za kuachia. Mkono wa kigauni kile aliutia mpira mwishoni, na shingoni aliweka kitanzi cha uzi wa kufungia, kashona mara mbili. Mpira ulikuwa umeng'ang'ania vidole vya Shemeji. Alipogusa kola, kitanzi kikaingia kwenye kifungo cha shati lake.

Akashusha mkono. Mkono haukushuka.

Akavuta. Kichwa kikaja na mkono.

Akavuta upande wa pili. Kichwa kikaenda upande wa pili.

Watu bado kimya. Hawakujua kama ni mchezo. Mimi nilijua si mchezo, kwa sababu maneno yalikuwa yamemtoka kichwani. Nilimwona. Uso wake ulikuwa uleule wa siku ile ya waya. Akakitazama kile kigauni, kidogo kama njiwa, kinamning'inia chini ya kidevu, na kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayemwomba mtu mzima mwenzake, akakiambia:

"Niachie basi."

Nikajing'ata ulimi. Nikakumbuka msiba wa Baba. Nikakumbuka zile mimba mbili, nikamkumbuka Dada amelala amegeukia ukutani.

Kikaanzia tumboni.

"Usi..." akasema Dada.

Kikapiga mluzi puani.

Kikatoka.

Kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kucheka. Ukumbi ukanifuata kama ukuta uliobomoka. Watu walipiga miguu chini. Fundi wa sauti kule kwenye mitambo alinionyesha dole gumba. Na Meneja, ambaye sijawahi kuona meno yake, alijishika mbavu.

Na mimi nacheka, na machozi yananitoka, na siwezi kuacha, na mkono wa Dada haukuwa tena pajani kwangu.

Alikuwa amesimama.

Akapita mbele ya magoti ya watu, "Samahani, samahani," kwa adabu, kama mtu anayekwenda msalani. Akapanda jukwaani. Watu wakadhani ndiyo sehemu ya mchezo, wakashangilia. Shemeji akamtazama mkewe kwa jicho moja, maana kwa kuvuta kwake la pili lilikuwa limefunikwa na kigauni.

Dada akaushika mkasi wa shingoni. Akakata kitanzi. Akauvua mpira kwenye vidole vya mumewe, kimoja kimoja, taratibu, asiuchane. Akakikunja kigauni, akakitia kwenye mkoba.

Halafu akakisogelea kipaza sauti.

"Mimi ndiye ninayeisalimia mashine," akasema.

Makofi! Vigelegele! Akangoja viishe.

"Mume wangu anajua kuigiza. Ile ya mashine nimecheka mwenyewe, mmeniona. Hii ya pili mimi haikunichekesha. Lakini mdogo wangu imemchekesha. Yule pale, safu ya tatu."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikaacha kucheka.

"Mashati ya mume wangu nayarekebisha mimi," akaendelea, kwa sauti ileile anayoitumia kumuuliza mteja kama anataka mfuko. "Kola zake zinachakaa upande mmoja. Shati jipya, miezi mingi haijapita, upande wa kulia umekwisha. Nikajiuliza, huyu mtu anashika nini hapa? Leo nimekaa kwenye kiti kile nikaona."

Meneja alikuwa ameacha kucheka. Alitoka mlangoni, akasogea hatua kadhaa.

Shemeji akacheka peke yake, "He-he, mke wangu bwana..." Hakuna aliyemfuata.

"Mdogo wangu," akasema Dada, "nijibu hapohapo ulipoketi. Hicho kidude kiko juu ya kichwa chako, tutakusikia wote, na redio itakusikia. Umecheka kwa sababu ameshika kola, au umecheka kwa sababu imekuchekesha?"

Nikisema kola, Meneja yuko pale. Shemeji kesho hana jukwaa, na sisi kesho hatuna chumba, na Mama na mguu wake tunaubeba tunaupeleka wapi.

Nikisema imenichekesha, sina dada.

Na ukweli haukuwa kwenye lile swali. Sikuicheka nguo. Sikucheka kwa kola. Nilimcheka mtu mzima akikiomba kigauni kimwachie. Lakini hebu wewe simama mbele ya mama aliyekizika moyoni kile kigauni, umwambie hivyo.

"Dada," nikasema, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye spika zote, kubwa kuliko mimi.

Watu wakainama mbele kwenye viti. Wengine walikuwa bado wanatabasamu, wanangoja sehemu ya kuchekesha. Taa nyekundu inawaka. Dada ananitazama, haninunii, haniombi, ananingoja tu.

Na nyuma ya bega lake Shemeji, mkono wake sasa ukiwa huru, akanikazia macho.

Akagusa kola.